Risala ya Klabu ya Tamthilia kwa Mgeni Rasmi: Maadui Waliofuma Pamoja

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa. Shikamooni.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tamthilia utakayoitazama leo tumeitunga wenyewe. Mambo yake yanatokea York, kaskazini mwa Uingereza, na wahusika wakuu ni wa kubuni, ila ugomvi wao ulikuwapo kweli. Mwaka 1327 mfalme kijana, Edward III, alikusanya jeshi mjini humo kwenda kupigana na Waskoti. Jean de Hainaut, kutoka Hainaut (eneo la ng'ambo, kwenye Ubelgiji ya leo), akavuka bahari na askari wake kuja kumsaidia. Kabla hawajamwona Mskoti hata mmoja, watumishi wa wageni hao na wapiga mishale wa Kiingereza waligombana kwenye mchezo wa dadu. Ugomvi ukaenea mitaani, watu wengi wakafa. Januari 1328 mfalme huyohuyo akamwoa Philippa wa Hainaut, hapohapo York. Wakubwa walishapatana. Sisi tukajiuliza: na wale waliopigana mitaani je?

Ndugu Mgeni Rasmi, mpiga mishale wetu amerudi kwa kondoo wake. Ana sufu tele, kama Uingereza nzima ilivyokuwa nayo. Enzi zile nchi hiyo iliuza nje magunia kama 30,000 kwa mwaka, yakafumwe Flanders na Brabant, majirani wa Hainaut, kisha vitambaa virudi kuuzwa kwa bei ya kuumiza. (Wazazi wetu wanaolima pamba na korosho wameshatuelewa.) Mwaka 1337 sufu ikapigwa marufuku kutoka, vitambaa vya kigeni vikapigwa marufuku kuingia, na mafundi wa ng'ambo wakaahidiwa ulinzi. Mwaka mmoja kabla, wafumaji wawili wa Brabant walikuwa wameshapewa kinga ya mfalme wakae York. Katika tamthilia yetu wanafuatana na wa tatu, mtu wa Hainaut mwenye kovu alilolipata mjini humo.

Mpiga mishale na mtu huyo wa Hainaut hatukutaka wakumbatiane. Tumewakalisha kwenye kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia vitambaa. Vitambaa vipana vya sufu vya zama zile vilifumwa na watu wawili bega kwa bega: mmoja anaurusha mshindio, yaani uzi wa kukingama, kutoka upande wake, mwenzake anaudaka upande wa pili na kuurudisha. Ukinuna, kitambaa kinakwenda kombo na mnalala njaa wote wawili. Onyesho hili ni refu na karibu halina maneno, tunaomba utuvumilie. Linalofuata ni la kukanyaga kitambaa ndani ya maji, udongo na mkojo uliochacha, ili kinywee na kushikamana. Vijana wa kidato cha kwanza wameyapenda mno mazoezi hayo, ingawa sisi tunatumia maji ya bomba.

Kuhusu mwisho tulibishana sana. Wengine walitaka tuishie kwenye neema, maana York ilitajirika kwa vitambaa, na ukumbi mmoja ulioanza kujengwa mwaka 1357 umesimama hadi leo. Wengine wakakumbusha mwaka 1381, wakati wa uasi wa wakulima, Waflemi wengi, yaani watu wa Flanders, walipouawa London, baadhi wakiburutwa kutoka kanisani walikokimbilia. Tumeyaweka yote mawili. Mlezi wa klabu alihofia kwamba wazazi watatoka na huzuni; tukamwomba aturuhusu, kwa sababu kuyaficha hayo kungekuwa kuwadanganya.

Ndugu Mgeni Rasmi, changamoto hazikosekani. Kitanda utakachokiona tumekiunganisha kwa mbao za madawati yaliyovunjika, na kilianguka mara kadhaa mazoezini. Mavazi ya baridi tumeyaazima, na wavaaji wanatota jasho. Tunaomba utusaidie mbao na fundi seremala, pamoja na usafiri wa kuipeleka tamthilia hii kwenye shule za jirani, ambazo zimeshatualika.

Tunaomba kuwasilisha.