Kabla ya kupakia data za mashimo ya uchorongaji ya Geita kwenye kanzidata

Habari za kazi wanakikundi. Someni hii kabla hamjapakia faili za Ijumaa.

Kubwa ni viwianishi, yaani namba zinazoonyesha shimo lilipo. Ramani za zamani ziko kwenye mfumo wa Arc 1960, GPS zenu zinatoa mfumo wa WGS84, na zote mbili zinaandikwa kwa gridi ileile ya mita, UTM kanda ya 36 Kusini. Ukizichanganya, shimo linahama karibu mita 300 kaskazini au kusini, na kwa macho bado linaonekana limekaa sawa. Jazeni safu ya mfumo kwa kila shimo, bila kukisia.

Vina vya vipande vya shimo: "kutoka" ya kipande iwe sawa na "hadi" ya kilichotangulia, na "hadi" ya mwisho isizidi kina cha shimo. Asilimia ya kori (mche wa mwamba unaotolewa shimoni) iliyopatikana ikipita 100, msirekebishe namba mezani. Rudini kwenye masanduku ya kori. Mara nyingi kibao kinachoonyesha kina ndani ya sanduku kimewekwa pasipo pake.

Majibu ya maabara yaliyoandikwa <0.01 (yaani chini ya kiwango ambacho maabara inaweza kupima) msiyageuze sifuri wala msiyafute. Nafasi tupu maana yake sampuli haikupimwa. Yaacheni yalivyokuja, na 0.005 (nusu ya kiwango hicho) ya kukokotolea iwe kwenye safu nyingine. Vipimo navyo: 500 ppb (sehemu kwa bilioni) ni 0.5 g/t (gramu kwa tani) tu.

Mwelekeo wa shimo uliopimwa kwa kifaa cha sumaku kwenye mwamba wenye magnetaiti (madini yenye sumaku) msiuamini. Wekeni uliopimwa kwa jairo, kifaa kisichotegemea sumaku.

Na sanduku "3-5" Excel hulifanya tarehe, hivyo safu hiyo iwe maandishi kabla ya kubandika.