Wapeni filimbi, si kibao tu

Ndugu Mhariri,

Naandika nikiwa mzazi wa mwamuzi. Binti yangu anachezesha ligi ya wilaya hapa Bukoba, na Jumamosi iliyopita nilimsindikiza uwanjani.

Uwanja ule hauna chumba cha waamuzi. Wenzake wa kiume walibadilisha nguo nyuma ya gari. Yeye aliazima stoo ya mama mmoja mwenye duka ng'ambo ya barabara, nami nikasimama mlangoni. Alipotoka fulana ilikuwa imeshachomekwa, filimbi ameifunga mkononi kwa kamba ya kiatu, kadi ya njano mfuko wa kifuani, nyekundu mfuko wa nyuma wa bukta, ili asije akazichanganya kwa haraka. Ndiye aliyepangwa kuwa mwamuzi wa kati. Zimebaki dakika ishirini mpira uanze, akaambiwa mechi ni nzito, kwa hiyo atakuwa wa akiba. Dakika tisini zote alishika kibao cha namba za wachezaji wanaoingia na kutoka, na kuwatuliza makocha. Ni mara ya nne msimu huu.

Mechi nzito! Februari 20, 2016, Yanga na Simba walikutana Uwanja wa Taifa, na aliyepuliza alikuwa Jonesia Rukyaa, mwanamke wa Kagera hii hii. Simba walipata kadi nyekundu kipindi cha kwanza, Yanga wakashinda 2-0, na mpira ukaisha salama. Binti yangu aliitazama kwenye banda umiza pamoja na kaka zake. Usiku ule aliniomba filimbi, na kesho yake nikamnunulia sokoni. Sasa nimwambie nini, kwamba dabi ya Kariakoo ni nyepesi kuliko mechi ya timu mbili za kata?

Kushika kibao si aibu, nalielewa hilo. Salima Mukansanga wa Rwanda, aliyesomea uuguzi na ukunga, alipita hapo hapo. Kwenye AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ya Kameruni alikuwa mwamuzi wa akiba Guinea ilipocheza na Malawi, Januari 10, 2022. Siku nane baadaye, Yaoundé, alikabidhiwa Zimbabwe na Guinea akiwa katikati, mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya mashindano hayo. Siku nane tu. Kibao kilikuwa mlango, akaingia.

Qatar mwaka ule ule mambo yalikuwa mengine. Wanawake watatu waliitwa kuwa waamuzi wa kati kwenye Kombe la Dunia la wanaume, kwa mara ya kwanza tangu 1930: Mukansanga, Yoshimi Yamashita wa Japani na Stéphanie Frappart wa Ufaransa. Frappart alipewa Costa Rica na Ujerumani, Desemba 1. Mukansanga na Yamashita walirudi makwao bila kupuliza hata mechi moja, wameishia kuwa waamuzi wa akiba. Niliumia mno. Mukansanga alikuwa ametoka kuchezesha fainali ya AFCON ya wanawake, Morocco na Afrika Kusini, Julai ya mwaka huo.

Wapo wanaosema wanawake hawana mbio. Waje alfajiri uwanja wa shule ya jirani, mimi ndiye mshika saa. Mwanamke anayetaka kuchezesha wanaume kimataifa hupimwa kwa muda wa wanaume: mita 40 mara sita, kila moja isizidi sekunde 6, kisha mita 75 kwa sekunde 15 na kutembea mita 25 kwa sekunde 18, mara arobaini bila kukatisha. Ni kilomita nne. Binti yangu bado anaitafuta ile sekunde ya mwisho kwenye mita 40, na ataipata. Lakini mbio hazimfundishi mtu kumsoma beki anayevuta jezi kwenye kona, wala kusimama imara wachezaji sita wanapomzunguka baada ya penalti. Hayo hufundishwa na mechi, na mechi ndizo anazonyimwa.

Ombi langu kwa chama cha waamuzi na shirikisho ni moja. Kila msimu ukiisha, tangazeni kila mwamuzi wa kike amechezesha mechi ngapi akiwa katikati, ngapi akiwa na kibendera, ngapi akiwa wa akiba, kuanzia wilayani hadi Ligi Kuu. Na anayeondolewa siku ya mechi apewe sababu kwa maandishi.

Nawe Mhariri, kila Jumatatu mnachapa matokeo ya mikoani na majina ya wafungaji. Ongezeni mstari mmoja chini yake: mwamuzi wa kati alikuwa nani.

Mwalimu mstaafu,
Bukoba