Risala ya Wazalishaji wa Miche ya Migomba kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wakulima, Moshi Vijijini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani, maafisa ugani, wazee wetu na wakulima wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha kitaluni. Tuna jambo moja: mche wa tishu hata ukishauzwa, aliyeuzalisha bado anauwajibikia mpaka utoe mkungu.

Kwanza tuondoe hofu inayosikika sokoni. Mche wa tishu si GMO. Hakuna jeni iliyoguswa. Ni kipande cha moyo wa chipukizi kilichokuzwa chupani maabara. Hutoka humo bila fukusi wala minyoo ya mizizi, lakini virusi haviondoki kwa kukuzwa chupani. Mgomba mama ukiwa navyo, watoto wote huzaliwa navyo. Ndiyo maana hatupokei kundi la miche lisilo na cheti cha vipimo vya mgomba mama, wala lililozidishwa kupita mizunguko 10 hivi. Mizunguko ikizidi, miche iliyopotoka nayo huongezeka: mifupi, majani yamesongamana, mengine yana mabaka. Hiyo hung'olewa na kutupwa. Kuiuza kwa bei ya hasara ni kumwibia mkulima mwaka mzima.

Mche ukitoka chupani huoshwa mizizini ute wote uliokuwa chakula chake humo. Ute una sukari, ukibaki huita kuvu. Hukaa ndani ya nailoni yenye unyevu wiki 3 hadi 4, kisha chini ya neti ya kivuli mpaka ufike sm 30. Anayeruka hatua hii ili awahi masika huuza miche laini, jua la siku chache linaimaliza.

Kila kundi lina kibao kilichokatwa kwenye dumu kuukuu, namba imeandikwa kwa penseli, kwa sababu wino wa marka hufutwa na jua. Namba hiyo huingia daftarini pamoja na jina la mnunuzi, kitongoji na simu yake. Mgomba mmoja ukionyesha kasoro, wote waliochukua kundi lile hupigiwa siku hiyo hiyo. Daftari ni shilingi chache tu, na ndilo linalopuuzwa kuliko vyote katika biashara hii.

Mnunuzi naye ana wajibu wake: shimo la sm 60 kila upande, samadi iliyooza debe 2, na maji miezi ya mwanzo, maana mche huu hauna tunguu lenye akiba kama chipukizi. Wala asipande migomba ya ndizi kisukari kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, ambacho migomba yake ilinyauka kwa fusari, kuvu wa ugonjwa wa mnyauko. Mche safi si mche sugu, na kuvu huyo hubaki udongoni miaka mingi.

Mheshimiwa, maombi yetu ni mawili. Mkaguzi wa TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, afike vitaluni Februari. Aprili miche huwa imeshaondoka. Pili, tupatiwe pipa la chuma la kuchemshia udongo kwa mvuke, kwani udongo mbichi huirudishia mizizi minyoo ile ile iliyoachwa maabara.

Tunaomba kuwasilisha.