Mabanda Mawili Kabla ya Masika: Wito wa Harambee

Wazazi, wahitimu, majirani, waumini wa misikiti na makanisa yanayotuzunguka: salamu.

Ni juzi tu mlituchangia matangi ya kunawia mikono na sabuni, tena bila kusukumwa. Tunaona haya kubisha hodi upya, lakini chumba cha ushauri nasaha cha chuo chetu kimetushinda.

Kimepakana na kantini. Kabla ya korona hakikuwa na neno: mlango ukifungwa, siri inabaki ndani. Sasa, mwaka huu wa 2021, madirisha sharti yawe wazi, viti viachane mita moja na nusu, na wote wamevaa barakoa. Kwa hali hiyo hakuna kunong'ona. Mwanafunzi akieleza kwamba baba alisimamishwa kazi hotelini na yeye usingizi umemtoroka, foleni ya chapati inasikiliza yote. Hawaji tena.

Simu tuliijaribu tangu vyuo vilipofungwa Machi 2020. Nyumbani mtu anaongea mbele ya wadogo zake, bando inakatika katikati, au simu yenyewe ni ya mama. Januari hii wote wamerudi, na mizigo yao.

Tunatumia fomu ya maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kukata tamaa. Kila swali lina alama 0 hadi 3; anayefikisha 10 kati ya 27 huitwa. Swali la tisa ni la kujidhuru au kuona heri kufa. Hapo jibu lolote lisilo sifuri, mwanafunzi huonwa siku hiyohiyo, hata jumla ikiwa ndogo. Sasa, kufikia mwaka huu wa 2021, kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya. Nani atasema kweli huku anasikika dirishani? Wanaandika sifuri, nasi tunabaki na fomu safi na mtoto taabani.

Tunataka mabanda mawili ya makuti chini ya mikorosho, nyuma ya maktaba, mbali na njia. Upepo unapita, na kiambaza cha makuti kifike kifuani ili aliyeketi asionekane. Paa liwe na mwinamo mkali, kwani likilala maji hutuama na makuti huoza. Nguzo za mvinje zipakwe oili chafu sehemu ya kufukiwa, la sivyo mchwa watazimaliza. Masika yakitukuta hatujaezeka, ni kurudi kantini.

Makuti 600 kwa Sh20 ni Sh12,000. Nguzo 16 kwa Sh400, Sh6,400. Fito, kamba na misumari Sh7,600, fundi Sh16,000. Mshauri wa siku tatu kwa wiki, Sh2,000 kwa siku, wiki 14: Sh84,000. Muda wa maongezi wa kuwapigia wanaoogopa kuja, Sh7,000. Jumla Sh133,000. Mkononi tuna Sh38,000, zimebaki Sh95,000. Kamati za harusi hapa kwetu hupata zaidi ya hizo kwa jioni moja, na tunazijua, maana tumo.

Hatutaitisha mkutano. Mchango umfikie mweka hazina kabla ya Jumamosi, 27 Februari 2021. Kila mchango una risiti, na hesabu itabandikwa ubaoni kila Ijumaa. Mwenyezi Mungu awazidishie.

Asiye na pesa alete makuti. Yawe makavu, ya mwaka huu, na tafadhali yasiwe yale yaliyoezuliwa kwenye banda la kuku.