Mama Imani, kuna sekunde 19 zinaninyima usingizi

Sinza, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Mama Imani mpenzi,

Hujambo wewe, Baba Imani na watoto? Sisi wazima, ila mafua ya mabadiliko ya hewa yamekataa kutoka. Najua umeninunia. Tangu arobaini ya Bibi sijakuandikia zaidi ya "poa" na vile vikatuni vya simu, na uliniuliza mambo mawili matatu nikapiga kimya. Nisamehe. Zuhura kaniambia ulidhani nimeacha ukocha nimerudi benki. Sijarudi. Mjomba bado anawaambia watu mimi ni kocha wa netiboli, na juzi kwenye kipaimara mama mmoja kaniuliza kama makochi yangu ni ya ngozi au ya kitambaa. Nimechoka kueleza kwamba kazi yangu ni kukaa na mtu na kumuuliza maswali mpaka aione njia yake mwenyewe.

Nakuandikia kwa sababu nimemharibia mteja. Pengine natia chumvi. Nikueleze kwanza, halafu uniambie.

Unajua nahesabu saa. Nimefika 437, bado 63 zitimie zile 500 za kukaa na wateja kwa ajili ya cheti cha pili cha ICF, lile shirikisho letu la kimataifa la makocha, na kwa njia ninayopita wanataka rekodi za vikao pamoja na maandishi yake neno kwa neno. Cheti cha kwanza ulinisaidia kuandika kwa mkono, unakumbuka, siku tatu nzima kwa kikao cha nusu saa, Imani akitumwagia uji juu ya daftari. Safari hii nikasema sijiui. Yule wetu wa Morogoro akanionyesha programu ya akili mnemba. (Nyinyi huko Nairobi mnaita akili unde, mama yangu anaamini ni akili ya watu wa kisiwa cha Mnemba, nimemwacha hivyo hivyo.) Unarekodi kikao, inakuandikia maneno yote, na chini inakuwekea muhtasari: mteja kasema nini, anajisikiaje, hatua inayofuata ni ipi.

Maandishi yenyewe vichekesho. Mteja kasema "mkuu wangu hanisikilizi", yenyewe ikaandika "mguu wangu hanisikilizi". Nikasoma ukurasa mzima wa mguu: mguu umeitisha kikao, mguu umempa mtu mwingine kazi, mguu una dharau. Nilicheka peke yangu mpaka Kulwa na Doto wakatoka chumbani.

Sasa huyu mteja. Jina sikutajii, wala ofisi, na usianze kubahatisha. Kapandishwa cheo, halafu mradi alioubeba miaka miwili akapewa kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Kikao cha tatu nikamuuliza analichukuliaje. Akasema, "Sina neno." Akanyamaza. Kisha: "Nimemwachia Mungu."

Wewe na mimi tumelelewa na wanawake waliosema hivyo. Mama yangu alimwachia Mungu baba mdogo tangu lile suala la shamba, na hadi leo hawaombani chumvi. Mtu akikwambia amemwachia Mungu, ujue kesi haijaisha, imekatiwa rufaa mahakama ya juu.

Muhtasari ukaandika: "Mteja ameikubali hali. Imani yake inampa nguvu. Hatua inayofuata: mpango wa bajeti ya robo mwaka."

Na mimi, Mama Imani, niliyekuwepo mle chumbani, niliyemwona anavyokunja na kukunjua risiti ya maegesho mpaka ikawa kama tambi, sikurudi kuisikiliza ile sauti. Siku ya kikao kilichofuata nilikuwa na watu wanne mfululizo. Nikausoma muhtasari kwenye bajaji, nikaingia, nikafungua na bajeti. Akanitazama. "Sawa dada, tuongee bajeti." Tukaongea bajeti saa nzima, vizuri kabisa, mpaka tarehe akapanga. Jumatano akatuma ujumbe kwamba kwa sasa anapumzika kidogo, atanitafuta. Atanitafuta! Unajua hilo neno likitoka kwa mteja lina maana gani.

Usiku ule ndipo nikasikiliza rekodi. Kwenye maandishi, "sina neno" na "nimemwachia Mungu" zimebanana mstari mmoja kama zimetoka kwa pumzi moja. Kwenye sauti, katikati yake pana sekunde 19. Nimezihesabu mara tatu. Unasikia feni, unamsikia muuza kahawa kule nje akigonganisha vikombe vyake, na ukitega sikio sana unamsikia mwenyewe anavuta pumzi kama anataka kusema kitu, halafu anakiacha. Baada ya pale anamtaja Mungu, na mimi nasikika nikiitikia: "Ehee, vizuri." Vizuri! Sasa mashine ingeandika nini zaidi ya kwamba ameikubali hali?

Baba Kulwa anasema niifute programu yaishe. Mwanamume huyu hata bomba likivuja anataka tuhame. Sitaki kuifuta, na hapo ndipo ninapochanganyikiwa, maana kuna jambo imenifanyia ambalo wewe, pamoja na upendo wako wote, hukuwahi. Inahesabu nani kaongea kwa muda gani. Kikao kile mimi nimeongea asilimia 58. Mimi, kocha! Nikapima vikao vingine sita, hakuna hata kimoja nilichoshuka chini ya nusu. Na ugonjwa wangu nikauona peupe: nauliza maswali matatu kwa mpigo. "Unalionaje, yaani lilikuumiza, au ulishalitarajia?" Mtu anaokota lile jepesi, anajibu alishalitarajia, tunasonga mbele. Ule mtiririko wa maswali wa John Whitmore tuliofundishwa kwenye ukocha, lengo, hali halisi, njia, nia, naukimbiza kama mwanafunzi anayewahi kengele.

Kwa hiyo nahisi kosa ni kuielekezea kwa mteja. Ikinihesabia mimi maneno na maswali, inaona sawasawa. Ikianza kunieleza moyo wa mtu... lakini hata hapo sina uhakika, maana wateja wenyewe wameshatutangulia. Mmoja kaniambia bila haya kwamba katikati ya wiki, saa nane za usiku, anaiuliza akili mnemba ya kwenye simu. Nikamuuliza inamjibu nini. "Inanikubalia." Alitaka kuacha kazi, ikampongeza kwa ujasiri wake. Si unakumbuka Aprili 2025 OpenAI walivyoliondoa toleo moja la ChatGPT kwa sababu lilizidi kuwasifia watu? Mimi ningemuuliza kodi ya nyumba inaisha lini. Ila saa nane za usiku mimi nakoroma. Na mambo haya yalianza zamani: mwaka 1966 kule chuo cha MIT, Marekani, Joseph Weizenbaum alitoa programu yake ELIZA, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kukugeuzia maneno yako kuwa swali. Katibu wake alikuwa ameiona ikitengenezwa, na bado alimwomba atoke chumbani ili aongee nayo kwa faragha. Huyo katibu namfikiria sana siku hizi.

Hebu nirudi kwenye rekodi, maana kuna lingine, na hili sijamwambia hata Zuhura. Kabla ya kurekodi niliomba ruhusa, mteja akakubali, akasaini. Lakini aliniuliza, "Hii sauti inakaa wapi?" Nikamjibu, "Iko salama." Kwani ndilo aliloniuliza? Usiku ndio nimeenda kusoma masharti: sauti inavuka mipaka, inakaa kwenye kompyuta za watu huko nje, na usipowazuia wanaifundishia programu yao. Kitufe cha kuzuia kipo. Sikukibonyeza kwa sababu sikujua kipo. Nyinyi mna sheria ya data tangu 2019, sisi hii ya taarifa binafsi imetungwa 2022 ikaanza kutumika Mei 2023, na ni mimi huyu huyu niliyesimama kwenye semina na kipaza sauti nikiwahubiria watu usiri wa mteja. Kitufe nimeshabonyeza. Rekodi nimefuta zote isipokuwa hii. Nikiifuta, "vizuri" yangu nayo inapotea, na najijua, baada ya mwezi nitajishawishi sikuisema. Nisipoifuta, ni sauti ya mtu aliyekwisha kuondoka, imekaa kwenye simu yangu pembeni ya picha za kipaimara.

Haya niambie. Nimpigie, au ningoje anitafute? Nikimpigia nisemeje, kwamba nilisoma muhtasari badala ya kumsikiliza yeye? Hataona namfuata kwa ajili ya hela? Nikimpa kikao cha bure nitakuwa namjali, au najisafisha mwenyewe? Na kuhusu kile kitufe, naye nimwambie, au nitamtia hofu bure? Wewe unavitumia hivi vitu? Unawaambia wateja kwa maneno gani? Kwenye Kiswahili cha Nairobi inasikia vizuri, au na nyinyi mna miguu? Na cheti hicho wewe ulishakipata: utakubali kuwa kocha mlezi wangu, wa kunisikiliza na kunikosoa, kwa zile saa 10 wanazozitaka kwenye cheti? Utanilipisha? (Usinilipishe.) Halafu jibu kweli: miaka yote hii ulikuwa unajua naongea sana, ukanyamaza?

Umeme umekatika na Doto anaulizia tochi. Nijibu kwa maandishi, tafadhali, usinitumie sauti. Za sauti wiki hii zimenitosha.

Wako,
Mama Kulwa