Kabla ya Kununua Mota Mpya, Tusome Kwanza Mipangilio ya Mashine Yako

Karakana za Malindi na Lamu zinazotumia mashine za CNC, yaani zinazoongozwa na kompyuta, kuchonga milango, kutengeneza miguu ya vitanda au kukata vigae vya mawe ya Galana hutuletea sisi, tunaorekebisha mipangilio ya mashine hizo, malalamiko yanayofanana: nakshi imehama upande, duara limetoka na umbo la yai, au mfaa umetoka mfupi kuliko mlango wenyewe. Mara nyingi mwenye karakana huwa ameshaulizia bei ya mota mpya Mombasa au Nairobi kabla ya kutupigia simu. Ni kweli kwamba mota hufa, na hewa yetu ya chumvi huziharakisha, lakini kasoro nyingi za namna hii hutokana na mipangilio ya programu inayoiendesha mashine, na mashine hutii namba ilizopewa hata zikiwa si zake.

Kazi ya programu hiyo, iwe ni LinuxCNC, GRBL au Mach3, ni kugeuza mchoro kuwa mapigo ya umeme yanayokwenda kwenye kila mota kwa wakati wake. Mota ya hatua iliyo ya kawaida huzunguka mara moja kwa hatua 200, na dereva wake, yaani kifaa kinachoipa mota umeme, akiwekwa kugawa kila hatua mara 8, mzunguko mmoja huhitaji mapigo 1600. Ikiwa skrubu inayosukuma meza husogea milimita 5 kwa kila mzunguko, basi milimita moja ni mapigo 320. Fundi mmoja alibadilisha skrubu iliyochakaa akaweka ya milimita 10, iliyo nzuri zaidi na ya kasi zaidi, lakini namba 320 ikabaki pale pale badala ya 160. Alipoiagiza mashine isogee milimita 100 ilisogea 200 bila kusita, ikaligonga fremu. Mota ilikuwa nzima kabisa, na marekebisho yake yalikuwa mstari mmoja wa maandishi.

Kosa kubwa kama hilo ni rahisi kuligundua. Yanayosumbua ni madogo, na hapo ndipo tunapomwomba mteja apime kabla hatujagusa chochote, kwa sababu sura ya kosa hueleza chanzo chake. Kosa likikua kulingana na umbali, yaani ukiagiza milimita 1000 ukapata 996, na ukiagiza 500 ukapata 498, tatizo ni idadi ya mapigo kwa milimita: iliyokuwa 80 inazidishwa kwa 1000 na kugawanywa kwa 996, nayo inakuwa 80.32. Kosa likitokea ghafla katikati ya kazi na kila kinachofuata kikahama kwa kipimo kile kile, mota imepoteza hatua, na kwa kawaida ni kwa sababu programu imeagizwa kuongeza kasi upesi kuliko nguvu ya mota inavyoruhusu. Mota ya hatua isiyo na kipima-mzunguko haina njia ya kuijulisha programu kwamba imeshindwa, hivyo kioo cha kompyuta kitaendelea kuonyesha namba safi huku ubao wa mbambakofi ukiharibika. Kosa likionekana pale tu mhimili, yaani mwelekeo mmoja wa mwendo wa mashine, unapogeuza mwelekeo, hilo ni pengo la skrubu na nati yake. LinuxCNC na Mach3 zina mahali pa kulifidia pengo hilo, lakini msimamo wetu ni kwamba nati iliyolegea ibadilishwe kwanza, kwa kuwa fidia ya programu haiwezi kuizuia meza kutikisika wakati biti, yaani kisu kinachozunguka, inakata.

Katika mashine kubwa za milango kuna jambo lingine linalosahaulika, nalo ni kwamba mhimili mrefu husukumwa na mota mbili, moja kila upande wa daraja linalobeba mota ya kukatia. Programu ikizichukulia kama mota moja yenye swichi moja ya mpaka, upande mmoja unaweza kutangulia bila mtu kujua. Ukitangulia kwa milimita 2 tu katika upana wa mita 1, ubao wa mita 2 utakaokatwa hautakuwa na pembe mraba, na vipimo vyake vya kona kwa kona vitatofautiana kwa karibu milimita 3.6, tofauti ambayo fundi wa kuufunga mlango ataiona mara tu atakapouweka kwenye miimo. Dawa yake ni kuipa kila mota swichi yake, kisha kuipanga programu ili kila asubuhi pande zote mbili zirudi nyumbani, yaani mahali pa kuanzia kupimia, kila mmoja kwa swichi yake.

Ugumu halisi wa mihimili mingi uko katika kuifanya ianze pamoja na imalize pamoja. Ua la waridi kwenye mlango wa Lamu linachongwa na mihimili mitatu ikibadilisha kasi kila wakati, na ulio mzito kuliko yote ndiye anayepaswa kuamua mwendo wa wenzake. Antena ya kufuatilia setilaiti, kama zile za kituo cha anga cha Luigi Broglio kule Ngomeni, ina shida ya jamii hiyo hiyo, kwa kuwa mihimili yake isipokwenda sambamba inapoteza shabaha. Kwenye karakana shabaha ni ncha ya jani. Wateja wengi wa LinuxCNC hutuonyesha nakshi zenye kona za mviringo wakidhani biti imekuwa butu, kumbe faili lao lina amri ya G64 peke yake, ambayo huiruhusu mashine kukata kona ili isipunguze mwendo. Tukiandika G64 P0.05 tunaiambia isiiache njia kwa zaidi ya milimita 0.05, na kona zinarudi. Kazi itachukua muda mrefu zaidi, lakini mteja wa mlango wa nakshi hanunui dakika.

Mhimili wa nne, ule wa kuzungusha mguu wa kitanda, hupimwa kwa nyuzi na si milimita, kwa hiyo mwendo ule ule wa mzunguko hukata polepole penye wembamba na kwa kasi penye unene. Amri ya G93, inayoeleza kila mstari umalizike kwa muda gani, hutatua hilo, mradi programu ya kuchorea iwe imeandaliwa kuitoa.

Baada ya mipangilio kutulia ndipo tunapozungumzia kuirahisisha kazi ijiendeshe yenyewe: kupima urefu wa biti kwa amri ya G38.2 kila inapobadilishwa, kuisubiri mota ya kukatia ifikie kasi yake kabla ya kugusa mbao, na kuendelea na kazi baada ya umeme kukatika. Hili la mwisho ndilo tunaloulizwa zaidi. Betri ya akiba ya kompyuta huhifadhi faili, lakini mota zikizimika mahali pa mashine pamepotea. Mashine yenye swichi za nyumbani hurudi mwanzo, husoma tena sifuri ya kazi, yaani mahali kazi inapoanzia kupimwa, iliyohifadhiwa kwenye G54, na kuendelea kutoka mstari ulioachwa. Isiyo na swichi itabidi fundi akisie kwa jicho, na ubao wa bei kubwa si mahali pa kukisia. Kitufe cha dharura nacho tunakifunga kwa waya unaokata umeme wa mota moja kwa moja, wala hatukubali kazi ambayo mwenyewe anataka kitufe hicho kitegemee programu pekee.

Kwa wateja wa Malindi tunafika karakanani. Kwa walioko Lamu, ambako kila kifaa huvuka kwa boti kutoka Mokowe, mara nyingi hatua ya kwanza huwezekana kwa simu. Mwenye GRBL aandike alama $$ na atutumie picha ya orodha itakayotokea, na mwenye LinuxCNC atutumie faili la mipangilio lenye mwisho wa .ini. Aambatanishe picha ya skrubu au reli ya meno, picha ya swichi ndogo zilizo kwenye dereva, na kipimo cha umbali ulioagizwa pamoja na ule uliopatikana kwa kila mhimili. Tukimaliza, mteja hubaki na nakala ya mipangilio kwenye flashi na nyingine iliyochapishwa, ambayo tunashauri ibandikwe ndani ya mlango wa sanduku la umeme, mbali na vumbi la mbao.