Pipi za nanasi zinagoma kuganda? Usilaumu jelatini

Anayepaka papai bichi kwenye mishkaki ili nyama ilainike tayari analijua jibu, ila hajalihusisha na pipi. Papai lina kimeng'enya cha papaini, nanasi lina bromelaini, na vyote viwili kazi yake ni kukatakata protini. Jelatini, ule unga unaogandisha pipi, nayo ni protini. Ukiimimina kwenye juisi mbichi ya nanasi, hata ukiongeza pakiti ya pili na kulaza trei kwenye friji usiku kucha, asubuhi utakuta sharubati. Tangawizi mbichi nayo ina tabia hiyo hiyo. Chungwa halina usumbufu huu.

Dawa ni moto. Chuja juisi, ichemshe itokote dakika 5, kimeng'enya kinakufa. Juisi ya kopo imeshapikwa kiwandani, haina shida.

Kwa trei moja ya sentimita 20 kwa 20, pima kwa mizani, maana vijiko vinadanganya: juisi iliyochemshwa mililita 250, sukari gramu 400, jelatini ya unga gramu 45, maji baridi mililita 150, maji ya ndimu kijiko kimoja cha chakula.

Nyunyiza jelatini juu ya maji baridi, uiache dakika 10 ivimbe. Ukiitupa yote kwa mkupuo, inafanya madonge ambayo hayayeyuki tena. Pika juisi na sukari hadi nyuzi 113 za Selsiasi. Huna kipimajoto? Dondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi: likijikusanya kuwa kidonge laini unachoweza kukibonyeza, epua. Subiri povu litulie, ndipo utie jelatini na kukoroga polepole. Usirudishe jikoni, kwa sababu jelatini ikichemka inapoteza nguvu, na ikichemka pamoja na ndimu ndiyo inaharibika zaidi. Ndimu iingie mwisho kabisa.

Paka trei mafuta kidogo, mimina, acha kwa muda wa saa 12. Kata kwa kisu kilichopakwa mafuta.

Sasa lile lalamiko la pili: "Pipi zangu zinatoa jasho." Hapo umewahi mno kutia sukari ya juu. Kipande chenye unyevu ukikigaragaza kwenye sukari, sukari inavuta maji na kuyeyuka, na asubuhi pipi zinaelea. Panga vipande juu ya waya bila kugusana, vikae siku nzima vikigeuzwa mara moja, hadi juu pawe pakavu na panate kidogo tu. Garagaza, ngoja saa chache, garagaza tena. Baada ya hapo friji ni marufuku: zikitoka kwenye baridi na kukutana na joto la Dar au Mombasa, zinalowa papo hapo.

Na usizibebe juani. Jelatini huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 35, kwa hiyo oda za mchana zifunge kwenye kiboksi cha kutunza baridi, huku pipi zikiwa ndani ya kopo lisilopitisha hewa, na mteja asilifungue kabla halijafikia joto la chumbani.